Krapf alipokunywa maji ya mtutu wa bunduki

Ukisimama kingo za Tana pale Kotile, kaunti ya Garissa, ukayatazama yale maji ya rangi ya chai ya maziwa, hutawaza theluji. Lakini sehemu ya maji hayo imeanzia Mlima Kenya. Na karibu miaka 175 iliyopita, mbali sana juu ya mto huohuo, Mjerumani mmoja alijikokota hadi ukingoni akiwa peke yake, kiu imembana koo, na hana hata chupa ya kutekea.

Jamaa huyo ni Johann Ludwig Krapf. Shuleni tulimkariri kama mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Mlima Kenya, tukapata alama zetu, tukasonga. Safari yenyewe ilivyomwendea kombo hatukuambiwa.

Alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Baada ya kazi ya umisionari Uhabeshi, alifika pwani yetu mwanzoni mwa 1844. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe Rosine pamoja na binti yao mchanga huko Mombasa. Homa. Wengi wangepanda jahazi la kurudi kwao. Yeye alibaki, akajifunza Kiswahili, na mwaka 1846 akahamia Rabai na mwenzake Johannes Rebmann.

Desemba 3, 1849, akiwa Kitui, mawingu yalifunguka akauona mlima wenye vilele vyeupe. Mtu aliyekwisha kumsimulia habari za mlima huo ni Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu wa Kikamba, aliyezijua njia za bara kama dereva wa matatu anavyoijua ruti yake. Ulaya nako wasomi walicheka. William Desborough Cooley, aliyekuwa amekaa zake London na ramani, hakukubali kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Ajabu ya dunia: aliyeona anabishiwa na ambaye hajatoka nyumbani.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani. Mambo yalianza kuharibika mapema, wapagazi wakamwacha. Akamwendea Kivoi, wakaondoka na msafara kuelekea Tana. Walipokuwa wameukaribia mto, wakavamiwa. Krapf alifyatua bunduki hewani, maana hakutaka kuua mtu. Msafara ukasambaratika. Kivoi akauawa palepale.

Sasa fikiria: nyika ya miiba, hujui njia, mwenyeji wako amekufa, na waliomuua bado wako karibu. Krapf alijificha, kisha kiu ikamtoa mafichoni. Akaufuata mto mpaka akaufikia, akanywa hadi akatosheka. Tatizo likawa maji ya njiani. Akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake. Hautoshi. Akajaza na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi.

Wazo zuri, sivyo? Lakini alitembea usiku akipenya vichakani, na matawi yakazing'oa zile nyasi. Alipokuja kutaka kunywa, mitutu mikavu, na bunduki yenyewe haimfai kitu.

Waliomwokoa ni nyani. Alisikia kelele zao akajua pana maji, na kweli akakuta shimo walilochimba kwenye mchanga wa mto mkavu. Safari hii akamwaga baruti kutoka kwenye pembe yake, akaifunga kando, pembe akaijaza maji. Njaa nayo ilipozidi, alijaribu kula machipukizi ya mti pamoja na ile baruti. Tumbo likamkoroga vibaya. (Ukienda kupanda mlima na rafiki zako, beba biskuti.)

Hatimaye alifika kijijini kwa Kivoi, na hapo ndipo mimi husita kumcheka. Ndugu wa marehemu walimuuliza kwa nini yeye yuko hai na mzee wao amekufa. Kwao mgeni alipaswa kumlinda mwenyeji wake au afe naye. Wengine walitaka auawe. Akatoroka usiku, na baada ya taabu nyingine nyingi akaibuka Rabai, ambako watu walikuwa wameanza kuamini kwamba hayupo tena duniani.

Vitabu humtaja Krapf kila mara na Kivoi kwa nadra, ilhali Kivoi ndiye aliyeujua mlima, aliyeujua mto, na ndiye aliyelipa kwa roho yake.

Krapf aliondoka Afrika Mashariki mwaka 1853 akiwa mgonjwa. Alifariki Korntal, Ujerumani, Novemba 26, 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata, hakuishika mkononi. Na ule mlima, pamoja na taabu zote hizo, hakuwahi kuufikia hata chini yake.