Ibn Battuta: Visiwa Vilimkaribisha, Nyumbani Alichelewa

 

Kila mwaka vijana wetu wa Kondele wanafunga begi. Mmoja anaenda chuo Nairobi, mwingine anatafuta kazi Mombasa, mwingine amepata viza ya Ghuba. Safari ni jambo zuri na dini yetu haijaikataza. Lakini mwezi huu hebu tumtazame msafiri mmoja ambaye jina lake sote tumelisikia, ila wengi wetu hatujui safari zilimgharimu nini. Huyo ni Ibn Battuta, Mwislamu aliyefika pwani yetu hii karibu miaka 700 iliyopita.

KIJANA WA TANJA

Jina lake ni Abu Abdallah Muhammad, na alizaliwa mwezi wa Februari 1304 katika mji wa Tanja, Moroko. Ukoo wao ulikuwa wa makadhi, naye akasomea sheria ya Kiislamu. Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliaga nyumbani kwenda Hijja. Aliondoka peke yake, bila rafiki wala msafara. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuachana nao kulimuuma sana.

Usidhani alikuwa shujaa asiyetikisika. Njiani alishikwa na homa kali hadi akajifunga kwa kilemba chake juu ya tandiko asije akaanguka. Alipoingia Tunis, watu walikuja kuwapokea wenzake na kuwasalimia, lakini yeye hakuna aliyemjua. Akalia, mpaka hujaji mmoja akamwona, akamkaribia na kumliwaza. Wewe uliyewahi kushuka kwenye basi katika mji usio na mtu wako unaijua hali hiyo.

MGENI WA MOMBASA NA KILWA

Baada ya kuhiji aliona dunia bado ni pana. Mwaka 1331 alipanda jahazi Aden akashuka na pwani ya Afrika Mashariki. Mogadishu, walipojua kwamba ni mwanachuoni, walimfanya mgeni wa kadhi, akalishwa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa na achari ya ndimu. Alikuwa mgeni kabisa, lakini alipokelewa kama mtu wa nyumbani.

Kisha akafika kisiwa cha Mombasa, akalala usiku mmoja tu. Katika usiku huo mmoja aliona mengi. Aliona watu wacha Mungu, wanaokula ndizi na samaki, na nafaka yao wanaileta kutoka bara. Misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa imara. Mlangoni mwa msikiti palikuwa na kisima kifupi, na maji yalichotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Watu walitembea miguu mitupu, kwa hiyo kila aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, halafu akaipangusa kwenye jamvi lililowekwa hapo. Zingatia hilo, ndugu yangu. Mgeni alilala usiku mmoja, na sifa aliyoondoka nayo ni usafi wa msikiti.

Kutoka hapo akaenda Kilwa. Sultani wa huko, Hasan, aliitwa Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Siku moja ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba zile nguo alizovaa. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akabadili nguo, akampa. Lakini alipofariki, ndugu yake Daud aliyemrithi alikuwa kinyume chake, mkono wa birika. Wote wawili wameandikwa, na mpaka leo tunawasoma.

HABARI NZITO SHAM

Miaka ikaenda. Alikuwa kadhi Delhi, akawa kadhi tena visiwa vya Maldives, akafika hadi China. Mali alipata na mali alipoteza. Mwaka 1348 akarudi Damascus. Huko ndiko alikoambiwa kwamba baba yake alishafariki miaka 15 iliyopita. Mtoto wake wa kiume aliyezaliwa huko baada ya yeye kuondoka, naye alishafariki zamani. Miaka 15, ndugu msomaji, na yeye hajui! Hapakuwa na simu wala mtu wa kutumwa kwa haraka.

Mwaka huohuo tauni ikaingia Sham. Watu wa Damascus walifunga siku tatu, kisha wakatoka kwa miguu kumwomba Mungu, Waislamu na Misahafu yao, Wayahudi na Wakristo na vitabu vyao, wakubwa kwa wadogo. Ibn Battuta alikuwepo.

NADHIRI KATIKA KISIWA CHA SARDINIA

Sasa akaona arudi kwao. Mwaka 1349, kutoka Tunis, alipanda jahazi la Wakatalani, mabaharia Wakristo wa Hispania. Wakatia nanga Sardinia, kisiwa kikubwa katika Bahari ya Mediterania. Ili upate picha, visiwa viwili kama hicho vingeingia ndani ya Ziwa letu la Victoria na nafasi ikabaki.

Ibn Battuta aliistaajabia bandari yake. Ilizungushiwa magogo makubwa, na mlango wake haukufunguliwa ila kwa ruhusa. Kulikuwa na ngome zenye masoko ndani yake. Lakini hapa hapakuwa kama Mombasa. Habari zikawafikia kwamba kuna watu kisiwani wamepanga kulifuata jahazi lao likitoka, wawateke. Bahari ile wakati huo Mwislamu alimteka Mkristo, na Mkristo alimteka Mwislamu.

Mzee huyu aliyeonana na masultani hakuwa na jeshi la kumlinda. Akaweka nadhiri: Allah akimwokoa, atafunga miezi miwili mfululizo. Allah akamwokoa. Baada ya siku kama kumi wakafika salama Tenes, pwani ya Aljeria.

RAMADHAN BILA MAMA

Akaendelea kwa nchi kavu. Alipofika Taza, karibu kabisa na nyumbani, akapata habari kwamba mama yake amefariki kwa tauni. Alikuwa nje miaka 24, na sasa amechelewa kwa muda mfupi tu. Aliingia Fez siku za mwisho za Shaaban, Ramadhan ikibisha hodi. Baadaye akaenda Tanja kuzuru kaburi la mama.

Alisafiri tena, Andalusia na Mali, kisha mwaka 1355 kitabu cha safari zake kikakamilika, kikiandikwa na Ibn Juzayy kwa amri ya Sultani wa Moroko. Alifariki mwaka 1368 au 1369, akiwa kadhi nchini kwake.

MAZINGATIO

1. Mgeni anaona. Msikiti wetu ukiwa mchafu, au futari yetu ikiwa ya kujuana tu, kuna msafiri ataondoka na habari hiyo.

2. Wakati wa hofu Ibn Battuta alikimbilia saumu. Sisi tumeletewa saumu mpaka mlangoni, tusiipoteze kwa kulala mchana kutwa. Na kama uliweka nadhiri ya ibada wakati wa shida, kumbuka hiyo ni deni.

3. Wazazi. Yeye alikuwa na udhuru wa umbali. Wewe uliye Nairobi au Doha una simu mfukoni. Mama yako hapa Kondele anafuturu akijiuliza kama wewe umekula. Mpigie leo kabla ya Maghrib. Usingoje uwe na pesa ya kutuma.

Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya walio hai, awarudishe wasafiri wetu salama, na atukubalie saumu zetu. Amin.