Waraka Uliotoka Ternate

Kila nipewapo barua ya mtu niifikishe, humkumbuka Alfred Russel Wallace, mwanachuoni wa elimu ya viumbe aliyezaliwa Wales mwaka 1823. Hakuwa mwana wa tajiri. Riziki yake aliipata kwa kukusanya wadudu na ndege na kuwauza Uingereza. Mwaka 1852, akirejea kutoka Amazon, meli iliungua baharini na makusanyo yake yakateketea. Hakukata tamaa. Mwaka 1854 alikwenda visiwa vya Malay, akakaa miaka minane, akisaidiwa na kijana Mmalay jina lake Ali.

Mwaka 1858, akiugua homa, ilimjia rai ya jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hata kizazi. Akaiandika, na kutoka Ternate, kisiwa cha masultani wa Kiislamu, akampelekea Charles Darwin, akimwomba amwonyeshe Charles Lyell. Kumbe Darwin alikuwa na rai iyo hiyo kwa miaka ishirini, hajaichapisha.

Rai yenyewe siijadili hapa. Niitazamayo ni amana. Darwin angaliweza kuuficha waraka ule. Hakuuficha, aliufikisha. Lyell na Joseph Hooker wakapanga maandishi ya wote wawili yasomwe London tarehe 1 Julai 1858. Lakini Wallace, aliyekuwa mbali, hakutakwa idhini. Habari zilipomfikia hakunung'unika, aliridhika. Na mwaka 1882 alikuwa miongoni mwa waliolichukua jeneza la Darwin. Alifariki mwaka 1913.

Msomaji wangu, Darwin aliitunza amana, na sifa akapata. Nami naona uungwana mkubwa zaidi ni wa yule asiyeulizwa, akaridhika.