Lillehei: Tabibu aliyetetea mioyo ya watoto

KABLA ya 1957, mtoto ambaye mapigo ya moyo wake yalivurugika baada ya upasuaji alikuwa na matumaini haba ya kuishi. Aliyebadilisha hali hiyo ni Dkt Clarence Walton Lillehei wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani.

Alizaliwa mjini Minneapolis mnamo Oktoba 23, 1918. Mwaka wa 1950 alipatikana na saratani, akafanyiwa upasuaji mkubwa na kupona.

Kuanzia 1954 alishona matundu ndani ya mioyo ya watoto, damu yao ikipitishwa kwanza katika mwili wa mtu mzima, mara nyingi mzazi. Hata hivyo, mshono uliweza kuharibu njia inayopitisha amri ya mapigo, moyo ukapiga polepole mno. Januari 1957, kikosi chake kilipachika waya mwembamba kwenye moyo wa mtoto, na mashine ya umeme ikauchochea upige sawasawa.

Mashine hiyo ilitegemea umeme wa ukutani. Stima zilipopotea mjini humo Oktoba 31, 1957, maisha ya wagonjwa yalikuwa hatarini. Lillehei akamgeukia fundi Earl Bakken, ambaye baada ya takriban majuma manne alileta kijisanduku cha betri ambacho mtoto angeweza kuvaa.

Sifa zake zilitiwa doa 1973 alipopatikana na hatia ya kukwepa kodi. Aliaga dunia Julai 5, 1999, akiwa na umri wa miaka 80.

Leo vidhibiti mapigo hupandikizwa mwilini, na watoto wengi wenye maradhi hayo huenda shule na kucheza na wenzao.