Nikola Tesla: Mvumbuzi wa mota aliyefariki akiwa na madeni

WAKAZI wa Kibera na Kawangware jijini Nairobi wapelekapo mahindi kusagwa, wachache hufahamu kwamba mota inayozungusha kinu hicho ilitokana na fikra za mtu aliyefariki akiwa hana kitu.

Mtu huyo ni Nikola Tesla, aliyezaliwa Julai 10, 1856 katika kijiji cha Smiljan, Kroatia ya sasa. Babake alikuwa kasisi wa Kanisa la Othodoksi, na mamake alisifika kwa kujiundia vifaa vya nyumbani.

Akiwa mwanafunzi mjini Graz, Austria, Tesla aliona mashine ya umeme ikitoa cheche pale brashi zake zilipogusa sehemu inayozunguka. Alishikilia kuwa brashi hizo zingeweza kuondolewa, lakini mwalimu wake akalipuuza wazo hilo.

Jibu alilipata mwaka wa 1882 mjini Budapest. Alitambua kwamba mikondo ya umeme inayofuatana kwa zamu huzaa nguvu ya sumaku inayozunguka, nayo huzungusha chuma kilicho katikati bila kukigusa.

Mwaka wa 1884 alihamia Marekani, akafanya kazi katika kampuni ya Thomas Edison kwa miezi michache. Baadaye mambo yalimwendea mrama hata akachimba mitaro ili kujikimu.

Nyota yake iling'aa Mei 1888 alipopata hataza za mota yake, na tajiri George Westinghouse akanunua haki za kuitumia. Mwaka uliofuata, mhandisi Mikhail Dolivo-Dobrovolsky aliunda mota ya fezi tatu, ambayo ndiyo imeenea viwandani hadi leo.

Hata hivyo, mota hiyo ina udhaifu mmoja: haijui kukataa kazi. Kinu kikijazwa mahindi kupita kiasi, au fezi moja ikipotea, mota huvuta umeme zaidi hadi nyaya zake ziungue.

Fyuzi pekee haiwezi kuiokoa. Kwa kuwa mota inapoanza huvuta umeme takriban mara tano hadi saba ya kawaida, fyuzi huwekwa kubwa ili istahimili. Kazi yake hasa ni kukata umeme nyaya zinapogusana.

Mzigo unapozidi, mlinzi ni rilei. Vipande vya chuma vilivyomo ndani yake hupinda kwa joto, nayo kontakta, yaani swichi ya sumaku, hukata umeme. Rilei hurekebishwa kulingana na kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha mota. Anayeipandisha ili kinu kisizimike ovyo huwa amemfukuza bawabu langoni.

Isitoshe, stima ikipotea kontakta huachia, na ikirudi mota haiwaki hadi kitufe kibonyezwe. Hilo laweza kuokoa mkono wa msagaji anayezibua kinu gizani.

Kwa mwenye kinu kimoja mtaani, mota ikiungua riziki hukatika hadi fundi aisuke nyaya upya.

Tesla alifariki Januari 7, 1943 katika chumba cha hoteli jijini New York, akiwa peke yake na mwenye madeni. Alikuwa na umri wa miaka 86. Mwaka wa 1960, wanasayansi waliamua kipimo cha nguvu ya sumaku kiitwe kwa jina lake.