Matthew Arnold, Mkaguzi wa Shule

Waliosoma Kiingereza wengi wamjua Matthew Arnold kuwa mshairi, wala hawakosei. Lakini mashairi hayakumlisha. Kwa muda wa miaka 35, tangu 1851 hata 1886, riziki yake ilitokana na kukagua shule za watoto wa wafanyakazi wa Uingereza, na ni katika kazi hiyo alipowapinga hadharani wakubwa waliomlipa mshahara. Jambo lenyewe lamhusu kila mzazi mwenye mtoto shuleni: shule ipimweje, na kipimo hicho kiambatane na fedha au kisiambatane?

Alizaliwa tarehe 24 Desemba, 1822, katika kijiji cha Laleham kando ya mto Thames. Baba yake, Thomas Arnold, baadaye alikuwa mkuu wa shule ya Rugby, mwalimu mwenye sifa nchi nzima. Mwana hakufanana na baba. Huko Oxford alipenda mavazi mazuri na mizaha kuliko vitabu vya mtihani, akatoka na daraja la pili mwaka 1844. Ukaguzi nao hakuutafuta kwa wito. Alitaka kumwoa Frances Lucy Wightman, binti wa jaji, na jaji hakuwa radhi kumwoza binti yake mtu asiye na mshahara wa kutegemewa. Lord Lansdowne, ambaye Arnold alikuwa karani wake, akampatia kazi hiyo, na harusi ikafanyika Juni 1851.

Siku zile wakaguzi waligawanywa kwa madhehebu. Shule za Kanisa la Uingereza zilikaguliwa na mapadre wake, na Arnold, asiyekuwa padre, akapewa shule za Wamethodisti na za madhehebu mengine yaliyojitenga na Kanisa hilo. Ilimpasa kusafiri kwa gari moshi huku na huko, mji hata mji, na usiku kusahihisha karatasi za mitihani za walimu wanafunzi. Mara nyingi alilalamika, na haifai kumfanya malaika: walikuwako wakaguzi wenye bidii kumpita. Lakini aliwatazama watoto, akakumbuka alichokiona.

Mwaka 1862 ndipo ilipoletwa Kanuni mpya ya ruzuku, kazi ya Robert Lowe, mkuu wa ofisi ya elimu. Lowe alidai fedha ya umma ilitumika bila ushahidi wa faida. Basi kila shule ingepata shilingi 4 kwa kila mtoto kwa wastani wa mahudhurio, na shilingi 8 zaidi kwa mtoto atakayefaulu mbele ya mkaguzi. Akishindwa kusoma, hukatwa shilingi 2 na peni 8. Akishindwa kuandika, vivyo hivyo. Na hesabu, vivyo hivyo. Watoto walipangwa katika madaraja sita yaliyoitwa standadi. Tena Serikali iliacha kuwalipa walimu nyongeza zao moja kwa moja, hata mwalimu akawa mkononi mwa wasimamizi wa shule, na wasimamizi wakategemea hesabu ya waliofaulu.

Kwa mhasibu, mpango huo ni mzuri mno. Arnold alimtazama mtoto, akaona kitakachotokea. Mwezi Machi 1862, kabla Bunge halijamaliza shauri hilo, alitoa makala katika jarida la Fraser's kuupinga. Hakutia jina lake, lakini katika ofisi haikuwa siri kwa muda mrefu, na alikuwa na mke na watoto wa kulisha.

Aliyoyahofia yalitimia. Ruzuku iliyozidi pauni 800,000 mwanzoni mwa mpango ilishuka hata kufikia kama pauni 640,000 mwaka 1865, na vijana wa kujifunza ualimu wakapungua. Katika taarifa zake za baada ya hapo Arnold alieleza jinsi walimu walivyojifunza kuushinda mtihani. Kitabu cha kusomea kilijulikana mapema. Mtoto alikikariri mwaka mzima, akafaulu kusoma asijue kusoma. Jiografia, historia na lugha zilizorota kwa kuwa hazikuleta shilingi. Mkaguzi, aliyekuwa mshauri wa mwalimu, akawa karani wa kuhesabu. Lowe mwenyewe alijiuzulu mwaka 1864, baada ya Bunge kuilaumu ofisi yake kwa kukatakata taarifa za wakaguzi zisizopendeza.

Asidhani mtu kwamba Arnold alichukia mitihani au mkono wa Serikali. La hasha! Alitumwa Ufaransa, Uholanzi na Uswisi mwaka 1859, na Ujerumani na Italia mwaka 1865, akarudi akishikilia kwamba ni wajibu wa dola kupanga elimu, kusomesha walimu na kuwapima vizuri wanaotaka kufundisha. Alichokataa ni kumtundika mtoto bei. Mume wa dada yake, W. E. Forster, ndiye aliyepeleka Bungeni Sheria ya Elimu ya 1870, iliyoanzisha shule za umma mahali zilipokosekana. Lakini malipo kwa matokeo yakaendelea.

Naye akaendelea kukagua. Mwaka 1868 alizika wana wawili, na mwaka 1872 wa tatu, lakini safari za shuleni hazikukoma. Alistaafu mwaka 1886, akafariki ghafla kwa moyo tarehe 15 Aprili, 1888, huko Liverpool, alikokwenda kumpokea binti yake kutoka Marekani.

Malipo yale yalianza kuvunjwa mwaka 1890, yakatoweka kabisa kabla karne haijaisha. Standadi zilibaki. Zilivuka bahari pamoja na wakoloni, na wazee wetu wa shule za misheni walihesabu madarasa yao kwa jina hilo, pasipo kuambiwa kwamba hapo mwanzo kila moja ilikuwa bei ya mtoto.