Mtoro bin Mwinyi Bakari

Ziko nyimbo za ngoma ambazo watu wazima huziimba kwa furaha, lakini mtoto akiuliza maana yake hufukuzwa. Napenda kuwaeleza habari za mtu aliyeziandika zamani bila kujificha, naye alikuwa Mwislamu aliyesoma chuoni.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Wakati wa Wajerumani alikuwa mtoza kodi. Alisafiri mpaka Udoe na Uzigua, kwa jirani zetu hawa wa tambarare, akaandika mila zao.

Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Huko aliandika, pamoja na wenzake, mambo ya watu wa pwani tangu kuzaliwa hata kuzikwa, yakapigwa chapa mwaka 1903 katika kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Humo mna habari za unyago, makungwi na wari, na nyimbo zao. Aliziandika kama alivyoandika mahari na mazishi. Hapo ndipo nilipofahamu ya kuwa nyimbo hizo ni masomo. Mwari hufundishwa kwa mafumbo na vicheko mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyataja.

Nilimsomea bibi yangu sura hiyo. Alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akaniambia nifunge mlango.

Mlango huo ndio ninaoustaajabia. Mtoro aliufungua mbele ya Wajerumani, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa wakijitayarisha kuja kututawala. Sisi wenye nyimbo twaufunga! Nionavyo mimi, wimbo wa unyago ukichunguzwa darasani na mwalimu mwenye adabu haumpotoshi mtu. Wazazi watakaokasirika, naomba wanisamehe.

Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata walisafiri kuja huku, lakini serikali haikukubali washuke pamoja, wakarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg kwa Profesa Carl Meinhof. Alikufa Berlin mwaka 1927.

Juu ya kitabu cha 1903 palikuwa na jina la Dr. Carl Velten, aliyeyakusanya maandishi. Jina la Mtoro lilionekana juu ya kitabu hicho mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipopigwa chapa, miaka 54 baada ya mwenyewe kufa.