APOLO KIVEBULAYA: MTU ALIYEKUWA TAYARI KUTUMWA



Kamati imetuomba tuandike neno juu ya utii kwa Mungu kwa ajili ya jarida hili la ukumbusho. Sisi ni walimu, si wachungaji. Kazi tuliyofundishwa chuoni ni kueleza jambo kwa mfano, ili mwanafunzi alione mwenyewe. Kwa hiyo tumechagua mfano wa mtu mmoja. Wale kati yetu waliotoka upande wa Ituri wamelisikia jina lake tangu utotoni, nao wengine wafaa kulijua: Kanoni Apolo Kivebulaya.

Apolo alizaliwa Singo, katika nchi ya Buganda, karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kwanza. Ujana wake ulikuwa wakati wa vita vya dini na vya kugombea utawala. Kwanza alikuwa upande wa Waislamu, baadaye akaenda upande wa Wakristo, akashika bunduki kama vijana wengi wa siku zile. Jina Kivebulaya maana yake ni yule atokaye Ulaya. Watu walimpa kwa sababu ya koti jekundu la askari wa Kiingereza alilopenda kulivaa. Haya tunayasema ili mtu yeyote asidhani kwamba Apolo alizaliwa mtakatifu. Alikuwa kijana kama vijana wetu hapa.

Mwaka 1895 alibatizwa, akachukua jina la Apolo. Mwaka uleule kanisa lilimtuma Toro, karibu na milima ya Ruwenzori. Ng'ambo ya milima hiyo, kuvuka bonde la mto Semuliki, ipo nchi ya Boga, ambayo zamani hizo iliitwa Mboga. Walimu wawili Waganda walikuwa wametangulia huko mwaka 1896, lakini Chifu Tabaro aliwachukia, watu wakakatazwa kuwapa chakula, nao wakalazimika kuondoka. Apolo alipotakiwa kwenda mahali pao, hakukataa. Inasimuliwa kwamba alinunua jembe akaenda nalo. Wasipomuuzia chakula, atalima mwenyewe.

Ndugu wasomaji, tulitazame jembe hilo. Wengi wetu tunadhani kuwa tayari kiroho ni kukesha, kuimba na kungoja. Hayo ni mema. Lakini Apolo alisali na pia alijua ya kuwa njaa ipo. Utayari wake ulikuwa moyoni na begani.

Boga hakukuwa na raha. Mafundisho yake yaligusa ulevi, ushirikina na wingi wa wake, na chifu akakasirika. Apolo alipigwa viboko, nyumba yake ikachomwa. Kisha ikatokea ajali: mwanamke mmoja aliangukia mkuki akafa, na Apolo akashitakiwa kuwa amemwua. Walimfunga, wakamvusha milima hadi Toro, akawekwa gerezani na serikali ya Kiingereza. Katika siku zile za taabu alimwona Kristo usiku katika ndoto, aking'aa kama jua, akimtia moyo kwamba hayuko peke yake. Baadaye ilionekana kwamba hana hatia, akafunguliwa.

Sasa hapa ndipo penye mtihani. Mtu aliyepigwa, akachomewa nyumba na kufungwa bure, akiisha kufunguliwa ataelekea wapi? Toro kulikuwa na Wakristo wengi na mfalme aliyempenda. Hakuna ambaye angemlaumu kama angebaki. Apolo alipoweza kurudi, alirudi Boga, kwa watu walewale. Na Tabaro yule aliyemtesa aliamini, akabatizwa, akawa rafiki yake.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Alitumikia Toro miaka mingi pia, kila anapotumwa. Mwaka 1910 wakubwa wa Ulaya walikubaliana juu ya mipaka, na Boga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Watu wa kabila moja wakajikuta katika nchi mbili bila kuhama hata hatua moja. Sisi tulio hapa tunajua mpaka ni kitu gani. Apolo hakuupinga kwa maneno wala kuufanya udhuru. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza alirudi tena ng'ambo, akafanya Boga kuwa kwake. Kuanzia mwaka 1921, akiwa mtu mzima sana, aliingia msitu wa Ituri kwenda kwa Wambuti, ambao majirani wengi waliwadharau. Alikaa nao na kuwafundisha, na baadhi yao wakabatizwa. Mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni wa Namirembe. Hakuoa, kwa maana mchumba wake alifariki, lakini nyumba yake ilijaa watoto aliowalea.

Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliagiza jinsi ya kumzika. Desturi ya kwao ilikuwa kuelekeza kichwa mashariki. Yeye alitaka kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Kutoka katika kazi ile likakua Kanisa la Anglikana la Kongo.

Ndugu zetu, tumeandika haya kwa kujihukumu sisi wenyewe kwanza. Tulipofika kambini, tulikataa kupanda miti kuzunguka shule. Tulisema miti ni ya watu wanaokaa, na sisi tunarudi nyumbani mwezi ujao. Tulichelewa hata kuanzisha darasa la watu wazima kwa sababu hiyohiyo. Miezi ikawa miaka. Watoto wakasoma juani, na mama waliotaka kujua kuandika majina yao wakangoja bure. Tuliita jambo hilo kuwa tayari kwa safari. Kumbe ilikuwa uvivu uliovaa nguo ya imani.

Watu wa Boga nao, katika vita vya Ituri, wamevuka Semuliki kukimbia, njia ileile Apolo aliyopita akienda kwao. Yeye alipita kwa kutumwa, wao kwa kufukuzwa. Hatusemi mambo hayo mawili ni sawa. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka kuja hapa, na kutamani nyumbani si dhambi. Lakini tunaloweza kulichagua ni hili: tukiwa hapa tuwe na jembe, au tukae juu ya mizigo iliyofungwa.

Mtu aliye tayari kwenda, awe pia tayari kubaki na kutumika. Mtaro wa maji, darasa, mgonjwa wa jirani, mjane asiye na kuni: hayo yapo leo. Tukiitwa kurudi, tutainuka tukiwa kazini, wala miti tutakayoiacha haitakuwa hasara. Wengine watapumzika kivulini.

Darasa la watu wazima sasa limefunguliwa, kila siku saa tisa alasiri, chini ya turubai la shule. Karibuni nyote. Miche nayo ipo, anayetaka aje achukue.

Mungu atujalie utii.